Tangazo la vodka lilimpa heshima, bango la afya likampa fuvu: tuongee kuhusu kuwakinga mashoga na ulevi

#1 Sauti_ya_Makupa (mleta uzi)

Wadau, salaam. Najua kuna watakaouruka uzi huu na kuna watakaoingia kutukana. Karibuni nyote, ila someni kwanza ndipo mwandike.

Riziki yangu ni maneno: matangazo ya redio, mabango, jumbe za simu, hapa hapa Mombasa. Shirika moja ambalo sitalitaja, linalohudumia mashoga na wanaume wanaopenda wake kwa waume, limenipa kazi ya kuandika ujumbe wa kuwakinga na pombe na dawa za kulevya. Kabla sijashika kalamu nikapekua walikopita wenzetu, hasa Marekani, kwa kuwa huko nyaraka ziko wazi. Nilichokiona ni kwamba watu wa kwanza kuongea na shoga kwa ustaarabu hawakuwa madaktari wala wizara. Walikuwa wauza pombe na wauza sigara. Watu wa afya walifika baadaye na mafuvu na majeneza yao, kisha wakashangaa mbona hawasikilizwi.

Anzia kwenye baa. Kwa miaka mingi baa ndiyo ilikuwa karibu mahali pekee ambapo shoga wa Marekani angekaa na wenzake, na hata hapo kwa kubahatisha. Mwaka 1966 wanaharakati wachache wa New York waliingia baa ya Julius', wakasema wazi kuwa wao ni mashoga, wakaagiza kinywaji. Walitaka wanyimwe ili wapate cha kushtaki, maana wenye baa walikuwa wakiwafukuza watu kama wao kwa hofu ya kupokonywa leseni. Stonewall ya mwaka 1969, ambayo wengi mmeisikia, nayo ilikuwa baa. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia "acha baa", umemwambia aache marafiki, aache mchumba, aache kiti ambacho akikikalia hakuna anayemtazama kwa jicho la pembeni.

Wenye viwanda waliliona hilo mapema. Vodka ya Absolut ilianza kutangaza kwenye jarida la mashoga, The Advocate, mwaka 1981, wakati makampuni mengi makubwa hayakutaka hata kuonekana jirani na jina hilo. Kampuni ya sigara ya Philip Morris ilisusiwa mwaka 1990 na wanaharakati wa UKIMWI wa ACT UP kwa kumfadhili seneta Jesse Helms, adui yao mkubwa. Mgomo ukaisha kwa kampuni kuahidi fedha zaidi za kupambana na UKIMWI, na kufikia mwaka 1992 sigara zake za Benson & Hedges zilikuwa zinatangazwa kwenye jarida jingine la mashoga, Genre. Hapo ndipo mjue kwamba hawa watu ni mafundi. Halafu kuna R.J. Reynolds. Katikati ya miaka ya 1990 ilipanga mradi wa kusukuma sigara kwa mashoga wa mtaa wa Castro na kwa watu wasio na makazi wa Tenderloin, kule San Francisco. Kwenye makaratasi ya ofisini mradi wenyewe uliitwa SCUM, yaani takataka. Nyaraka hizo zilikuja kujulikana baadaye kupitia kesi za tumbaku. Mbele ya mteja tabasamu, nyuma ya mlango tusi, lakini mteja aliona tabasamu tu.

Mwaka 2015 utafiti wa kitaifa wa Marekani ulikuta kwamba asilimia 39.1 ya mashoga, wasagaji na wanaopenda jinsia zote mbili walikuwa wametumia dawa haramu ndani ya mwaka uliopita, bangi ikiwa ndiyo nyingi. Kwa watu wengine ilikuwa asilimia 17.1. Na msikimbilie kusema wameumbwa walevi. Mtafiti Ilan Meyer alilieleza vizuri mwaka 2003: mtu anayeishi kwa kujificha, anayetarajia kukataliwa kila mlango anaobisha, na ambaye hatimaye ameanza kuyaamini yale anayoambiwa kuhusu nafsi yake, huyo ana mzigo wa ziada kichwani kila siku. Chupa inautua kwa saa chache.

Si kwamba upande wa afya hakuna aliyejaribu. Januari 2004 Peter Staley, mkongwe wa ACT UP, mwenye VVU na aliyekuwa ametumia kristali, yaani dawa ya kulevya ya methi, yeye mwenyewe, alitoa pesa mfukoni mwake akapachika mabango kwenye vibanda vya simu kando ya Eighth Avenue, Chelsea, katikati ya mtaa wa mashoga wa New York. Ujumbe: "Punguzo kubwa! Nunua kristali, upate VVU bure!" Mji ukalipuka. Wapo waliomshukuru, wapo waliosema anawadhalilisha wenye VVU. Mimi kama mtu wa matangazo naona sentensi ile ni kali kupita kiasi, na ningeipigia kura ya hapana. Lakini ilisomwa, ilizua mikutano, na watu walijua aliyeiandika si mgeni.

Sasa tuje kwetu. Kamati ya hilo shirika ilikuja na rasimu yake tayari. Usuli mweusi, fuvu, sindano, na maneno mekundu: DAWA ZA KULEVYA ZINAUA. BADILI TABIA LEO. Tukaiweka mbele ya vijana wa kituo. Kimya. Kisha mmoja, aliyekuwa anachezea kifuniko cha soda, akauliza taratibu, "Tabia ipi?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. "Badili tabia" ndiyo sentensi ambayo mama, shehe, mchungaji na mwalimu wa nidhamu wamewaambia tangu wana miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyefikiria sindano pale.

Kwa hiyo swali langu kwenu: mtu aliyehubiriwa maisha yake yote, unamfikiaje bila kusikika kama mhubiri mwingine?

#2 Kamanda_Chapakazi

Jibu ni rahisi. Waache kwanza huo mchezo wao, pombe itawaacha yenyewe. Pesa za wafadhili zinaliwa bure. Nimemaliza.

#3 nesi_wa_zamu

Kamanda, umemaliza mapema mno kaka yangu.

Mimi niko kwenye kliniki moja ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, huku Pwani. Kenya hii huduma ilifika Malindi mwaka 2015, wenzetu wa Muhimbili, Dar es Salaam, walitangulia mwaka 2011. Mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa kikombe chake mbele yetu, anaondoka. Sijawahi kumuuliza mtu pale dirishani analala na nani. Wananiambia wenyewe, tena kwa sauti ya chini, kwa kuwa teja ambaye pia ni shoga ana siri mbili na kila moja inamfungia mlango ambao angesaidiwa kwa ile nyingine. Maskani wakijua ni shoga, atapigwa. Mashoga wenzake wakijua anatumia unga, wataanza kuficha simu zao akiingia. Anabaki yeye na kete yake.

Unataka kwanza aache kuwa alivyo ndipo umsaidie. Wakati tunasubiri hilo litokee, anachangia sindano. Ana ndugu, wengine wana wake. Madhara hayatabaki kwake peke yake hata kama hupendi kumwona.

Sauti, nina ombi la kikazi. Kuna sentensi moja iko kila mahali, hata kwetu hospitalini: "Ukiwa kwenye dawa usinywe pombe." Nia nzuri, matokeo mabaya. Mgonjwa wa ARV anaisikia, Ijumaa ikifika anapima: dawa au bia? Anaruka dawa mpaka Jumatatu, na anaamini ametii ushauri. Seth Kalichman na wenzake walilionyesha hili kule Marekani, kwamba watu wanaoamini dawa na pombe vikikutana vinageuka sumu ndio wanaoruka dozi kwa makusudi. Hata PrEP, dawa ya kumkinga mtu asiambukizwe VVU, ni hivyo hivyo, pombe haiharibu kazi yake. Hatari ni kuisahau au kuiruka. Kwa hiyo andika chochote utakachoandika, lakini hiyo sentensi usiiguse.

#4 Mhadhiri_Mtoro

Mada nzuri. Nafundisha mawasiliano kwenye chuo kimoja, naomba niongeze nadharia kidogo, sitawachosha.

Jack Brehm aliandika mwaka 1966 kwamba binadamu akihisi uhuru wake unabanwa, anakaza shingo, na wakati mwingine anafanya kile alichokatazwa ili tu ajihakikishie bado ni chake. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ni makatazo, shingo hiyo imeshakaza kabla hujafungua mdomo.

Pili ni Kim Witte, mwaka 1992. Anasema hofu ina kazi yake, ila kwa sharti: mtu aamini kuna la kufanya na kwamba yeye analiweza. Ukimtisha bila kumpa njia, atashughulika na hofu yenyewe badala ya hatari. Atageuza uso, atacheka, atasema "wanatia chumvi." Rasimu yenu ya fuvu ina hofu tele na njia hakuna. "Badili tabia leo" si njia. Leo saa ngapi, na nani, kwa kuanzia wapi?

Na msidhani ni nadharia tupu. Montana, Marekani, kuanzia mwaka 2005 walijaza jimbo zima matangazo ya meno yaliyooza na vidonda usoni ili kuwaogopesha vijana na methi. Mchumi D. Mark Anderson alipochambua takwimu, kwenye makala ya mwaka 2010, alikuta matumizi yalikuwa yanashuka tangu kabla, na kampeni yenyewe haikuongeza kitu cha maana. Serikali kuu nayo ilitumia karibu dola bilioni moja kati ya mwaka 1998 na 2004 kwenye matangazo ya kuwakinga vijana na dawa. Robert Hornik na wenzake wakatathmini, wakachapisha mwaka 2008: bangi haikupungua. Kulikuwa hata na dalili kwamba kadiri kijana alivyoona matangazo mengi, ndivyo alivyodhani wenzake wengi wanavuta.

Hilo la mwisho lizingatieni sana. Kila ukiandika "mashoga wengi ni walevi, tubadilike," umemwambia kijana wa miaka kumi na tisa kwamba kulewa ndiyo desturi ya kwao.

#5 Sauti_ya_Makupa

Dada nesi, hiyo ya ARV nimeinakili neno kwa neno, itaingia. Mhadhiri, nashukuru, ila nina swali. Staley naye alitisha. Kwa nini bango lake halikupuuzwa kama ya Montana?

#6 Mhadhiri_Mtoro

Kwa maoni yangu ni msemaji. Hakuwatisha kutoka juu. Alikuwa kwenye vita yao ya UKIMWI tangu miaka ya 1980, na alishatumia kitu kile kile. Hasira yake ilisikika kama ya ndugu. Maneno hayo hayo yangewekewa nembo ya polisi yangechanwa usiku ule ule. Lakini pia sitakubali kusema bango lile lilipunguza matumizi. Lilifungua mazungumzo, na hayo ni mafanikio ya aina nyingine.

#7 Dula_wa_Lewisham

Niko London miaka mingi sasa. Huku tatizo lina sura yake: mefedroni, kristali, na G, yaani GHB, dawa ya kulevya ya majimaji. Watu wanaitana kupitia programu za simu, sherehe inaanza Ijumaa inaisha Jumapili usiku, ngono na dawa vimeshonwa pamoja. G ndiyo inayonitisha zaidi, ikichanganywa na pombe mtu anazima kama taa na pumzi inakata. Serikali iliipandisha daraja kwenye sheria ya dawa za kulevya mwaka 2022, lakini sheria haimwambii mtu afanye nini mwenzake akiwa sakafuni.

Ninachotaka kuwaambia ni kuhusu David Stuart, aliyefariki Januari 2022. Alikuwa akifanya kazi kliniki ya 56 Dean Street, Soho, naye alishapita kwenye uraibu. Kilichomtofautisha na wahudumu wengi ni mahali alipoanzia mazungumzo. Hakuanza na dawa. Alianza na mapenzi: mtu huyu anatafuta nini huko, ukaribu wa namna gani, na kwa nini akiwa mzima hauwezi. Kuna wanaume wa makamo waliogundua mbele yake kwamba hawajawahi kulala na mtu wakiwa hawajalewa kitu. Mtu akishalisema hilo kwa mdomo wake mwenyewe, nusu ya kazi imekwisha. Hakuna bango litakalolisema kwa niaba yake.

Ndiyo maana mimi nawaza, Sauti, bango lako kazi yake isiwe kumshawishi aache. Liwe la kumshawishi aje aongee. Hapo unamdai kidogo tu.

#8 Kamanda_Chapakazi

Hivi nyie mnaona kawaida kuandika haya mambo kwenye jukwaa la watu wenye familia?

#9 Baba_Wawili

Huwa nasoma tu humu, leo naandika kwa sababu Kamanda ametaja familia.

Mimi nina familia. Mke na watoto wawili. Simpendi mke wangu kwa kuigiza, nampenda kweli. Wanaume pia, tangu shule. Sijawahi kujiita shoga na sidhani nitajiita. Kwa hiyo bango likiandikwa "mashoga", nitalisoma kama habari ya mtu mwingine. Na kadi ikiwa na upinde wa mvua nitaitupa kabla sijavuka barabara. Mfukoni mwangu anaingia mke wangu, anaingia mtoto akitafuta shilingi ya peremende. Ujumbe wa simu hali kadhalika, simu yangu inashikwa na kila mtu nyumbani. Na polisi akiishika ni balaa jingine, kifungu cha 162 kinachoharamisha ngono ya wanaume kwa wanaume kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Watu wa mashirika wanasahau kwamba karatasi yao tu inaweza kumvunjia mtu nyumba.

Sasa pombe. Dula amenigusa. Siwezi kukutana na mwanamume nikiwa mzima. Lazima chupa mbili tatu kwanza, ndipo mikono inaacha kutetemeka. Nikiwa nimelewa sikumbuki mpira, sikumbuki PrEP, sichagui tunakwenda kwa nani. Mwenzangu mmoja aliwekewa "mchele", dawa ya kumzimisha mtu, kwenye kinywaji, akaamka hana simu, hana pochi, hana viatu. Polisi hakwenda. Angeeleza alikuwa anafanya nini pale?

Hilo fuvu lenu halinijui. Mtu akiniuliza tu "chupa ya kwanza ni ya nini?", hapo nitasimama nisome.

#10 nesi_wa_zamu

Baba Wawili, asante kwa kuandika. Nakuombea salama.

#11 binti_Kaloleni

Mbona hamuwataji wanawake? Wanaopenda wake kwa waume wapo pia kwa upande wetu, na kwenye tafiti za Marekani wanawake wa kundi hilo mara kwa mara ndio wanaoonekana kunywa kwa hatari kuliko hata wasagaji. Wanakataliwa kote kote: wanaume wanawaona malaya, wasagaji wanawaona wasaliti. Halafu mabango yote mnaweka kifua cha mwanamume.

#12 Sauti_ya_Makupa

Hoja ina uzito binti. Kazi niliyopewa ina mipaka ya mfadhili, ni ya wanaume, lakini nitaifikisha kwenye kikao. Ukiwa na muda anzisha uzi wake, nitakuja kuchangia.

Mhadhiri, swali jingine. Kamati inataka tuchague "vinara": vijana wenye jina kwenye kundi, tuwafundishe, wakaongee na wenzao kwenye sherehe na kwenye vijiwe. Ushahidi unasemaje?

#13 Mhadhiri_Mtoro

Unasema mambo mawili yasiyopatana, na ndivyo sayansi ilivyo.

Jeffrey Kelly mwaka 1991 alichapisha matokeo ya Biloxi, mji mdogo wa Mississippi. Waliwatumia wahudumu wa baa kuwatambua watu wanaopendwa, wakawafundisha jinsi ya kuzungumza na rafiki kuhusu ngono salama, na ngono ya hatari ikapungua kuliko kwenye miji ya kulinganishia. Kila mtu akashangilia. Kisha mbinu hiyo ikapelekwa kwenye vyumba vya mazoezi London na baa za Glasgow, haikuleta kitu cha kuonekana. Ikajaribiwa kwa jamii za aina mbalimbali China, India, Peru, Urusi na Zimbabwe, matokeo yakatoka mwaka 2010: waliopata vinara na wasiopata hawakutofautiana, pande zote mbili walijirekebisha.

Mimi nasoma hivi: Biloxi ilikuwa ndogo, wote wanajuana, na vinara walichaguliwa kwa kupendwa. Kwetu kinara anachaguliwa kwa kuwa anajua Kiingereza cha ripoti. Huyo hasikilizwi na mtu.

Mfano wa karibu zaidi na ulevi ni CRUSH ya Las Vegas. Waliingia kwenye vilabu vya usiku vya mashoga, wakafanya sherehe za kweli, muziki wa kweli, watu wanaotamaniwa, na ujumbe kwamba sherehe hii haina moshi. Hawakumfukuza mtu baa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha uvutaji kati ya wateja wa vilabu hivyo ulishuka kutoka asilimia 47 hadi karibu 40. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo mwaka 2016 ikaanzisha kampeni ya This Free Life kwa vijana wa miaka 18 hadi 24, kwa mtindo wa namna hiyo hiyo: umepigania uhuru wa kuwa wewe, usiukabidhi kwa sigara. Hapo ndipo, Sauti, hoja yako ya mwanzo inapopata nguvu. Waliamua kuiga wauza sigara.

#14 Sauti_ya_Makupa

Haya, nimekaa na kalamu. Naweka rasimu hapa mzichane. Hazina upinde wa mvua, hazina neno "shoga", zinaweza kukaa kwenye pochi ya mtu yeyote au kwenye ukuta wa kinyozi.

Ya kwanza: "Unatoka leo? Kula kwanza. Mwambie rafiki mmoja unakoenda. Kinywaji chako kifunguliwe ukiona."

Ya pili: "Umekunywa? Dawa zako meza vilevile."

Ya tatu: "Chupa ya kwanza ni ya nini? Tupigie tuongee. Hatuhubiri."

Ya nne: "Unga, pombe na bugizi vikikutana vinakata pumzi. Mwenzako anakoroma na haamki? Mlaze ubavu, usimwache, ita msaada."

Bugizi, kwa msiojua, ni vidonge vya usingizi. Ya tatu ni ya Baba Wawili, naomba ruhusa yake.

#15 Kamanda_Chapakazi

Kwa hiyo mnawafundisha kulewa kistaarabu. Hii ndiyo kinga?

#16 Sauti_ya_Makupa

Kamanda, nafurahi bado upo. Ya tatu ni kinga kabisa, inamkamata mtu kabla ya chupa. Ya nne ni ya kumfanya awe hai asubuhi, kwa sababu maiti haishawishiki. Na asiyekunywa naye simsahau. Nilifikiria ya tano: "Wengi wetu hatunywi kila wikendi." Ila sijaiweka.

#17 Mhadhiri_Mtoro

Na usiiweke mpaka uwaulize. Ukiandika "wengi wetu" na si kweli, watajua usiku ule ule, na rasimu zote nne zitakufa pamoja nayo. Fanya hesabu ndogo ya siri hapo kituoni kwanza. Mara nyingi watu hudhani wenzao wanakunywa kuliko ukweli ulivyo. Ukikuta hivyo, andika namba yenyewe.

Ya kwanza ni ndefu. Toa "kula kwanza".

#18 nesi_wa_zamu

Asitoe! Hiyo ndiyo sentensi pekee inayofanana na ya mama bila kuwa ya lawama. Iache.

Ya nne, ongeza kwamba kuna sindano ya naloksoni inayomrudisha mtu aliyezidisha unga, na watu wa huduma za waraibu wanayo. Na usiseme "ita polisi" popote.

#19 Dula_wa_Lewisham

Namuunga mkono nesi kwenye kukoroma. Huku watu wamepotea kwa sababu wenzao walidhani amelala fofofo, wakaendelea na muziki.

#20 Baba_Wawili

Ruhusa unayo. Ila "hatuhubiri" itoe. Anayesema hahubiri ndiye anayeanza kuhubiri.

#21 Sauti_ya_Makupa

Imetoka. Inabaki: "Chupa ya kwanza ni ya nini? Tupigie tuongee."

#22 nesi_wa_zamu

Swali la mwisho kabla sijaingia zamu. Hiyo namba ya kupiga, Ijumaa saa saba za usiku itapokelewa na nani?

#23 Sauti_ya_Makupa

Hapo ndipo tumekwama. Wenye shirika wanasema simu ni ya ofisini, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Bajeti ya kuchapisha mabango ipo, ya mtu wa kupokea simu usiku haipo. Nina kikao nao Alhamisi, nitawaambia wapunguze mabango nusu wamlipe mtu wa zamu.

#24 Baba_Wawili

Waambie. Saa hizo zao za ofisi mimi niko kazini, niko mzima, na sina la kuuliza.